Kichwa kimeumia, kazi inasubiri: majibu kwa wasomaji wetu

Mume wangu alianguka mkarafuuni msimu uliopita. Kidonda kimefunga, lakini akikaa dukani saa moja tu hoi. Majirani wanasema mvivu. (Bi wa Wete)

Kilichofunga ni ngozi, Bi. Ubongo ulioumia hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na uchovu wake hauondoki kwa kulala usiku mmoja. Aanze na saa mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya joto. Kila baada ya dakika 45 apumzike dakika 15, hata kama hajachoka, kwenye chumba kimya, bila redio wala simu. Wiki mbili zikipita bila kuzidiwa, ongezeni nusu saa. Wengi huharibu siku wanapojihisi wazima: wanafanya kazi kutwa, kisha siku mbili hawainuki.

Dukani kinachommaliza ni wateja watatu kusema kwa pamoja huku anahesabu chenji. Kubeba mchele kunaweza kumchosha kidogo kuliko hayo. Apange bidhaa kwanza, mauzo afanye saa ambazo watu ni wachache. Mkarafuuni asipande tena mpaka daktari aridhike kwamba kizunguzungu na hatari ya kifafa vimekwisha. Kuchambua karafuu na makonyo (vikonyo vyake), au kuanika jamvini, ni kazi pia, na anaifanya amekaa.

Kichwa kikizidi kuuma siku hadi siku, akitapika, akisinzia ovyo au upande mmoja ukilegea, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Damu huweza kujikusanya ndani taratibu, wiki kadhaa baada ya kuanguka.

Mimi mpishi wa hoteli Nungwi. Tangu ajali ya Vespa sisikii harufu kabisa. Nitapika vipi?

Nyuzi za neva za harufu hupita kwenye vitundu vidogo vya mfupa juu ya pua, na kichwa kikipigwa kwa nguvu huweza kukatika. Ulimi bado unajua chumvi, sukari, ukali wa ndimu na uchungu. Kilichopotea ni ile ladha ya pilau inayopitia puani. Kwa hiyo pima viungo kwa kijiko, usikisie, na mtu mwengine aonje kabla chakula hakijatoka. Andika tarehe juu ya kila chombo cha samaki na maziwa. Mtungi wa gesi ukaguliwe kwa povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilishwa, maana hutasikia ikivuja.

Kuna zoezi, na dawa yake imejaa visiwani kwetu. Watafiti wa Ujerumani waliolichapisha mwaka 2009 walitumia harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Tia kila moja kwenye kichupa chake. Karafuu ziponde kidogo, limau tumia ganda. Nusa kila kichupa sekunde 15 huku ukikumbuka harufu yake ilivyokuwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Walioumia kichwa hupata nafuu kwa uchache kuliko waliopoteza harufu kwa mafua, hilo tunakwambia mapema.

Kijana wangu wa bodaboda alipata kifafa baada ya ajali. Dawa anakunywa, mwezi wa pili sasa hajaanguka. Arudi barabarani? Na Ramadhani je? (Baba, Fuoni)

Miezi miwili haitoshi. Uingereza, kwa mfano, mwenye kifafa hutakiwa akae miezi 12 bila kuanguka ndipo aendeshe gari lake, na wa basi au lori miaka 10 bila kifafa na bila dawa. Kijana wako anabeba roho ya abiria. Baharini pia asiingie peke yake, hata kwa pweza wa maji ya magotini.

Ramadhani, aonane na daktari wiki kadhaa kabla. Dawa ya kifafa iitwayo fenobabitali mara nyingi hunywewa mara moja usiku, haigombani na saumu. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, hugawanywa kwa siku, na daktari ndiye atakayesema kama dozi zitatosha futari na daku. Daku asiache, usingizi usikatike ovyo, maana kukosa usingizi huamsha kifafa. Na dawa isikatwe ghafla hata akijiona mzima. Hapo ndipo wengi huanguka vibaya. Kisomo cha dua hakina ubaya, mradi vidonge viendelee.

Mimi fundi cherehani. Nasahau vipimo vya wateja, nachanganya vitambaa.

Daftari moja, si karatasi tano. Andika mteja akiwa bado amesimama mbele yako, kisha msomee vipimo. Funga kipande cha kitambaa kwa pini kwenye ukurasa wake, na kila nguo iwe na mfuko wake wenye namba ile ile ya ukurasa. Mkasi, futi na chaki virudi mahali pamoja kila siku. Anayekufunza kitu kipya asikwambie "kumbuka!", akupe jibu sahihi mara moja, kwani ubongo uliojeruhiwa hushika hata kosa ulilolikisia.

Mke wangu amekuwa mkali tangu aumie. Nimjibu?

Usimjibu pale pale. Toka nje dakika 20, mrudie kelele zikitulia. Angalieni saa ngapi hutokea: mara nyingi ni jioni, akiwa na njaa au amechoka, na hapo chakula cha mapema hufanya kazi kuliko maneno.