Remiksi huanzia kwenye mkanda

Swali la wiki liliuliza: je, albamu ya remiksi, yaani ya nyimbo zilizochanganywa upya, ni kazi mpya, au ni nyimbo zilezile zinazouzwa mara ya pili?

Inategemea aliyeifanya alikabidhiwa nini. Akipewa wimbo uliokwisha kuchanganywa, ataurefusha, ataukata na kuubandika ngoma juu, basi. Akipewa mkanda wa kurekodia ambao kila chombo kina njia yake, yaani sauti yake imerekodiwa peke yake, anaweza kuubomoa wimbo wote na kuujenga upya. Ushahidi wangu ni albamu ya remiksi ya Love and Dancing, iliyotoka Uingereza Julai 1982.

The Human League, kundi la Sheffield, lilikuwa limetoa albamu ya Dare Oktoba 1981. Prodyuza wake, Martin Rushent, alivutiwa na jinsi DJ Grandmaster Flash wa New York alivyokatakata na kuunganisha muziki kwa santuri. Akazirudia nyimbo za Dare kwenye studio yake ya Genetic, kijijini Streatley. Hatua ya kwanza ilikuwa kwenye meza ya kuchanganyia sauti: kuzima njia moja, kuifungua nyingine, kuitupia ngoma mwangwi, na kuirekodi kila jaribio kwenye mkanda. Hatua ya pili ilikuwa wembe wa kuukatia mkanda huo.

Hapa ndipo penye utamu. Chukua mashine inayovuta mkanda sentimita 38 kwa sekunde, na wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde, yaani sentimita 19 za mkanda. Robo ya pigo haifiki sentimita 5. Kwa hiyo unaweza kupima muziki kwa rula, ukaweka alama kwa penseli, ukakata, ukaunganisha kwa utepe wa gundi. Ukikosea nusu sentimita, pigo linawahi au kuchelewa kwa takriban sehemu 13 za elfu za sekunde, na mguu wa mchezaji unajikwaa. Wembe wenye sumaku nao huacha mlio wa "tiki" kila unapopita, ndiyo maana mafundi huuondoa sumaku kwanza. Ukisikia silabi ya mwimbaji inadunda "ta-ta-ta-ta", jua nakala kadhaa za silabi hiyo zimeungwa kwa mkono, kipande baada ya kipande. Mikato kwenye albamu nzima inasemwa ilizidi 2,000.

Hesabu hiyo ya rula ingeshindikana kama ngoma zingepigwa na mtu, kwa sababu mpigaji huongeza kasi kidogo akikaribia kiitikio. Dare ilijengwa juu ya Linn LM-1, mashine ya ngoma isiyoyumba. Sentimita 19 za mwanzo wa wimbo ni sentimita 19 hadi mwisho.

Je, wanunuzi walidanganywa? Hapana. Jalada liliandikwa The League Unlimited Orchestra, kwa heshima ya Love Unlimited Orchestra, okestra ya mwanamuziki wa Marekani Barry White, kwa hiyo ilijulikana kwamba hii si albamu inayofuata ya kundi. Kwenye chati ya Uingereza ilifika namba 3. Marekani ilitolewa na lebo (kampuni ya rekodi) ya A&M, na wakati ulikuwa mwafaka: Don't You Want Me, wimbo wa Dare uliofika namba 1 Uingereza Desemba 1981, ulishika namba 1 Marekani Julai hiyohiyo.

Kwa anayetaka kutoa remiksi zake kimataifa leo, wembe hauhitajiki, lakini kukabidhiwa njia zilizotenganishwa kunahitajika vilevile: sauti ya mwimbaji peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake, faili zote zikianzia sekunde ileile ya sifuri. Zikianzia sehemu tofauti, utapoteza siku nzima kuzipanga. Kila remiksi ipewe ISRC yake, ile namba ya utambulisho yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Ukitumia namba ya wimbo wa awali, hesabu za usikilizaji huingia kwenye rekodi ya zamani, na remiksi yako haionekani kwenye ripoti za malipo. Haki ya mtunzi haihami hata ngoma zikibadilishwa zote, hivyo malipo ya mfanya remiksi yaandikwe kabla kazi haijaanza, pamoja na nchi ambazo lebo imeruhusiwa kuuza. Mkataba ukitaja nchi moja tu, rekodi haitafunguka kihalali kwa msikilizaji wa ng'ambo, hata kama faili iko tayari.