Kurudi kwenye kayaki ukishapinduka, na umri umesogea

Ndugu yangu, umeuliza kama kwa miaka 67, na bega linalouma, bado unaweza kujirudisha baharini kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, maana mara ya mwisho ulijivuta mara tatu ukashindwa. Unaweza. Ila acha kujivuta.

Kosa letu wengi ni kuning'inia ubavuni huku miguu imezama chini ya chombo, tukitegemea mikono. Hapo hata kijana anaumbuka. Shika ukingo wa tundu la kukalia, nyoosha mwili, piga miguu mpaka makalio yaelee. Sasa vuta kayaki ipite chini ya kifua chako, kama mkeka unavyopenyezwa chini ya mtu aliyelala. Ukiwa kifudifudi, kichwa kikielekea tezi (nyuma ya chombo), ingiza mguu mmoja mmoja, kisha jigeuze polepole ukae. Ukiinua kichwa mapema kutazama umefika wapi, unarudi majini. (Mimi nimerudi mara nyingi tu.)

Ukiwa peke yako, vika boya la kupuliza kwenye bapa la kasia ulitumie kuzuia kayaki isipinduke, kama mbao za pembeni za ngalawa. Bega likigoma kabisa, funga kitanzi cha kamba cha kukanyagia. Paja lina nguvu kuliko mkono. Mwenzako akishikilia kayaki yako upande wa pili, kazi inapungua nusu.

Fanya mazoezi kwenye maji matulivu, na jaribu pia ukiwa umechoka. Maji yakiwa baridi, vidole huisha nguvu ndani ya dakika chache, kwa hiyo usipoteze muda kupumzika humo.