Mnataka kufanya utafiti wa tabianchi na afya pamoja? Fungueni data kwanza

Nimeshakaa kwenye hizi timu muda sasa, zile ambazo mtu wa hali ya hewa, daktari, mtakwimu na watu wa mazingira wote wanatiwa kapu moja, na ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla ya andiko, kabla ya logo na jina la mradi (watu wanapenda majina ya miradi jamani), kila mtu afungue data zake wengine wazione.

Mwenye tabianchi atakuja na ERA5, ile hifadhidata ya hali ya hewa ya dunia nzima, joto la kila saa tangu 1940, kwa miraba ya kama kilomita 31 kila upande. Mwenye afya atakuja na ripoti za vituo, za mwezi mwezi, na kuna miezi haijajazwa kabisa. Sasa unaziunganishaje? Mraba mmoja unameza bonde na mlima, wastani unaoupata sio wa watu wa bondeni wala wa mlimani, na kwa malaria hiyo ni kesi kubwa maana vimelea vya falciparum (aina hatari ya malaria) ndani ya mbu, joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi vinakomaa polepole mno, mara nyingi mbu anakufa kabla. Halafu kuna suala la kuchelewa, mvua inanyesha, madimbwi yanajaa, viluwiluwi wanakua, ndo mbu, ndo wagonjwa, hapo mwezi hadi mitatu imepita, so ukilinganisha mvua ya Aprili na wagonjwa wa Aprili hiyohiyo utasema mvua haina uhusiano na malaria.

Na mwiteni yule anayejaza rejista. Kuna grafu ya wagonjwa wa malaria ilishuka ghafla karibu na sifuri, wataalamu tukaanza kuongea ukame, kila mtu na nadharia yake, mtunza kumbukumbu akaitazama akasema, "Hapo vipimo viliisha." Wagonjwa walikuwepo, walitibiwa kwa dalili tu, ila kwenye safu ya waliothibitishwa hawakuingia. Mtu kama huyo awe kwenye bajeti na kwenye orodha ya waandishi, sio kwenye shukrani mwishoni. Mambo ya nani mwandishi wa kwanza pia yaandikwe mapema, kwa imeili, msiachie urafiki.

Ile namba ya WHO ya vifo 250,000 vya ziada kwa mwaka kutokana na mabadiliko ya tabianchi kati ya 2030 na 2050 kila andiko linafungua nayo, sawa, ila inahesabu utapiamlo, malaria, kuhara na joto kali tu, msiitumie kana kwamba ndo madhara yote.

Kuhusu uendelevu, muulizane mapema mradi ukiisha data zinabaki kwa nani na seva analipia nani, maana ikifika miezi ya mwisho kila mtu yuko bize na ripoti ya mfadhili na hapo hamna atakayejibu.