Kabla ya Kuandika "Ana Mzio wa Chuma" Kwenye Faili

Juma hili, katika kitengo cha kusafisha damu hapa Kisumu, nimemwona mwanagenzi mwingine akikimbilia antihistamini, dawa ya mzio, kwa sababu mgonjwa aliyekuwa akipokea madini ya chuma kwenye mshipa uso umemwiva na mgongo unamkaza. Nilimshika mkono kabla hajavunja ampuli. Nyinyi mnaoanza sasa ni hodari kuliko tulivyokuwa sisi, ila kosa hili mnalirithi kana kwamba limo katika daftari la makabidhiano ya zamu, nami nimechoka kulikemea kwa mdomo.

1. Punguzeni kasi. Ampuli ya miligramu 100 ya chuma cha sukrosi, aina mojawapo ya chuma cha kudungwa mshipani, isukumwe kwa dakika 5 hivi. Ikiwa ni dripu, ichanganywe na sodiamu kloridi ya asilimia 0.9 pekee, mililita 100, ipite kwa dakika zisizopungua 15. Presha ikishuka katikati ya kikao, tazameni pia mashine inaondoa maji kiasi gani, kwa maana si kila anguko la presha ni la chuma.

2. Tofautisheni mmenyuko wa Fishbane, ambao ni mwili kuitikia chuma kwa muda mfupi bila mzio, na mzio wa kweli. Katika ule wa kwanza, uso huiva, kifua na mgongo hukaza na viungo huuma, lakini presha haishuki, pumzi haipigi filimbi, wala midomo na macho havivimbi. Simamisheni dripu, pimeni presha, ngojeni. Kwa kawaida hutulia wenyewe, na daktari akikubali mnaweza kuanza tena polepole zaidi. Mzio mkali hauna mjadala: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja la mtu mzima, tena papo hapo.

Nalijua kosa hili kwa sababu nililifanya mwenyewe. Mgonjwa wangu alikuwa mwalimu mstaafu aliyezoea kutusahihishia Kiswahili huku akisafishwa damu. Siku hiyo mashine mbili zilikuwa zikilia upande wa pili, nami nikamsukumia chuma kwa haraka. Akasema, "Sista, mgongo umenishika." Sikupima presha. Nilimdunga antihistamini iitwayo klorofenirameni kwenye mshipa kwa mkupuo, nikafuatisha haidrokotisoni, dawa ya steroidi, na ni baada ya hapo ndipo presha iliposhuka na mwalimu akaanza kusinzia. Klorofenirameni ikidungwa kwa haraka huweza kuyaleta yote mawili, lakini sisi tuliusoma usingizi ule kuwa ushahidi kwamba mzio ulikuwa mkali, nami nikaandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe chuma tena.

Wino ule ulimwumiza kuliko sindano. Zamu zilipokezana na hakuna aliyethubutu kuupinga. Dozi ya erithropoietini, homoni inayouchochea uboho kuunda damu, ilipandishwa bila hemoglobini kuitikia, kwa kuwa uboho hauwezi kuunda damu bila malighafi, na mwishowe mwalimu akaongezewa damu, painti baada ya painti. Mdogo wake alikuwa amejitolea kumpa figo. Kila painti humpa mgonjwa nafasi ya kujenga kingamwili dhidi ya tishu za watu wengine, na vipimo vya ulinganifu viliporudi, kingamwili dhidi ya tishu za mdogo wake zilikuwemo, yaani mwili wake ungeweza kuikataa figo ile. Daktari bingwa aliniuliza, kwa upole ambao ningeupendelea uwe ukali, presha ilikuwa ngapi kabla ya antihistamini. Tuliufungua ukurasa pamoja. Haukuwa na kitu.

3. Mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa damu adungwe nyuma ya kiganja, kwa kuwa mishipa ya mkono wa mbele ni akiba ya fistula, yaani mshipa unaotengenezwa kwa upasuaji ili utumike kusafishia damu. Chuma kikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia linaloweza kudumu miaka, na mwenye doa hatawasahau.

4. Msimpe chuma mwenye maambukizi makali, wala msidanganywe na ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, iliyopandishwa na inflamesheni. Isomeni pamoja na kipimo cha transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu.

5. Dozi ya majaribio, ile ndogo ya kwanza ya kumpima mgonjwa, iliyopita salama si hakikisho kwamba iliyobaki ni salama. Tangu mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya limeacha kuipendekeza, na badala yake linataka mgonjwa aangaliwe kwa dakika 30 baada ya kila dozi. Najua anataka kuwahi matatu ya Siaya. Akae.

6. Wakati anakaa, mwelezeni kwamba kesho au keshokutwa viungo vyaweza kuuma na homa ndogo ikaja, maana wengi wetu huku, mwili ukipata joto tu, hukimbilia duka la dawa kununua za malaria bila kupimwa. Lakini mwenye katheta shingoni, ule mrija wa kusafishia damu, mwambieni kinyume chake: homa yake isisingiziwe chuma, arudi siku hiyo hiyo, na damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha vijidudu kabla ya kiuavijasumu cha kwanza.