Usisubiri, anza na masikio

Pole sana dada. Unasema mwanao ana miaka 2 na nusu, maneno yake hayazidi matano, na kila mtu anakwambia usubiri. Mimi nakwambia usisubiri. Umri huo watoto wengi wameshaanza kuunganisha maneno mawili, kama "baba njoo". Kwanza apimwe masikio, hata kama anageuka mlango ukigongwa. Maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, atasikia kishindo lakini maneno yatamfikia hafifu. Kisha mwone mtaalamu wa tiba ya usemi. Na kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea, wahi kwa daktari wiki hii hii.

Nyumbani, acha kumshurutisha "sema kikombe, sema!" Wangu alikuwa akinuna na kugeukia ukuta. Nikaanza kupiga magoti mbele yake, kikombe karibu na mdomo wangu, nasema "kikombe", kisha nanyamaza nikihesabu moyoni hadi 10. Siku moja akasema "kombe". Nililia. Akikuonyesha kwa kidole, mpokee. Ishara hazimcheleweshi kusema. Wala lugha mbili si chanzo, kwa hiyo usiache kumsemesha kwa lugha yako.