Tacos za Copenhagen: anza na tortilla

Dada, pole. Umeuliza kama Copenhagen kuna chakula cha Kimeksiko cha kweli, baada ya kupewa nyama ya kusaga iliyofunikwa jibini ya njano. Hicho ni cha Texas zaidi, na si kibaya, ila sicho ulichokifuata.

Uliza tortilla kwanza, yaani kile chapati chembamba kinachokunjiwa vitu ndani kikawa taco. Ya asili ni ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, yakalala usiku kucha ndipo yakasagwa. Ikitoka jikoni ya moto hunukia mahindi, na ukiikunja haipasuki. Nenda Hija de Sánchez, duka la taco la mpishi Rosio Sánchez, aliyetoka jiko la Noma, mgahawa maarufu wa hapo Copenhagen, akaanza na kibanda sokoni Torvehallerne mwaka 2015. Bei imechangamka kweli. Agiza taco mbili, kamulia ndimu, ule kwa mkono.