Ghala la mkonge: kina mama wa mahindi wasitolewe

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha ngoma na maigizo wilayani Muheza. Mwenye shamba ametuachia ghala la zamani la mkonge tulitumie miaka mitano. Kuta ni za matofali, paa liko juu sana, na mashine ya kubania marobota bado imesimama mle ndani. Wenzangu wanataka tupige lipu, tuweke siling ya jipsam na marumaru, pafanane na ukumbi wa hoteli. Mimi niliona picha za makumbusho ya sanaa ya Cape Town, yaliyokuwa ghala la nafaka, nikatamani na letu liwe vile. Kuna kina mama wanaanika mahindi humo na watoto wanacheza mpira. Mwenyekiti anasema watoke kwanza. Tuanzie wapi? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzeni kwa kumwambia mwenyekiti asimtoe mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamama msanifu majengo, Lina Bo Bardi, alipewa kazi ya kugeuza kiwanda cha zamani cha mapipa huko São Paulo, Brazil, kiwe kituo cha utamaduni. Siku ya kwanza alilikuta jengo tupu. Aliporudi Jumamosi moja alikuta watoto wanapiga mpira chini ya paa linalovuja, kina mama wanaandaa chakula, na maonyesho ya vikaragosi yamejaza watoto. Akaamua furaha ile iendelee, na jengo liifuate. Alihamishia ofisi yake kwenye eneo la ujenzi, akakaa na mafundi. Lipu alibandua, matofali yakaonekana. Kituo kilifunguliwa 1982 kwa jina la SESC Pompeia, na mpaka leo kina maktaba, karakana za ufundi, jukwaa, na sehemu ambazo mtu huingia kukaa tu bila kuulizwa anataka nini. Katika kazi zote za aina hii ninazozijua, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kwa hiyo kaeni na wale kina mama mpange siku. Msimu wa mavuno wana sakafu yao, jioni mna yenu. Hao ndio watazamaji wenu wa kwanza.

Ya Cape Town ni nzuri kweli, ila msiifuate kwa ujenzi. Ghala lile la mwaka 1924 lilikuwa na mirija mikubwa 42 ya zege ya kuhifadhia nafaka. Ili kuchonga ukumbi katikati yake, wajenzi walimwaga kwanza zege jipya ndani ya mirija ya zamani, ndipo wakaikata. Fedha za namna hiyo hamna, wala hamzihitaji. Itazameni zaidi GoDown, kituo cha sanaa cha Nairobi: mwaka 2003 wasanii waliingia kwenye ghala la Barabara ya Dunga, eneo la viwanda, wakaligawa studio na kumbi za mazoezi.

Sasa jengo lenu. Marumaru za nini? Robota moja la mkonge lina kilo 250. Sakafu iliyobeba marobota yaliyopangana haitashindwa na wacheza ngoma. Baba yangu alibana marobota maisha yake yote, nazijua sakafu zile. Jipsam pia acheni. Kama juu kwenye kilele cha paa kuna matundu, ndiko joto linakotokea; mkiyaziba mtaungua Januari. Shida yenu itakuwa mwangwi, maneno ya mwigizaji yatapotea. Tundikeni mikeka minene ya mkonge kwenye kuta mbili zinazotazamana, iachane na ukuta kidogo, kisha jaribuni kwa kupiga makofi. Mkonge hunyonya sauti vizuri, na mnao mlangoni.

Jambo moja nakusihi sana. Kagua paa kabla hamjapanda. Likiwa la vigae vya kijivu vya saruji, vinene, vyenye mawimbi, chukulieni kwamba vina asbestosi, yaani madini yenye nyuzi za hatari, mpaka mpimaji aseme vinginevyo. Msitoboe, msikate kwa msumeno, msifagie vumbi lake likiwa kavu, na kilichovunjika watoto wasikiguse. Vumbi hilo huingia kwenye mapafu na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi. Waulizeni wasimamizi wa mazingira wa serikali (NEMC) nani anaruhusiwa kuliondoa paa hilo. Mpaka hapo chezeeni uwanjani, hata kama mwenyekiti ana haraka.

Miaka mitano ni michache mno. Mtatengeneza choo, umeme na milango, halafu mwenye mali aseme muda umekwisha. Ombeni kumi au zaidi, kwa maandishi, na kifungu cha kurudishiwa gharama za matengenezo mkitolewa mapema. Na ile mashine ya kubania iandikwe kwa jina lake ndani ya mkataba kwamba haiuzwi wala haihamishwi, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu wakisikia ghala limefunguliwa watafika kabla yenu.